Mmweko wa Kwanza

"Umefumba macho. Turudie."

Maneno hayo nimeyasema mara nyingi kuliko nilivyowahi kulitaja jina langu mwenyewe. Nimeyasema Malindi, Mambrui, Watamu, Kilifi mjini, hata kule Magarini nilikozaliwa, kwenye shughuli za wanawake watupu ambako mwanamume haingii na kamera ya mwanamume haiingii. Nimeyasema nikiwa nimepiga goti moja kwenye zulia, goti ambalo siku hizi likikunjwa lazima linifanye niseme "Yallah" kabla sijainuka. Na kwa miaka mingi niliyasema kwa sauti ya mtu anayemsamehe mwenzake kosa.

Sasa nataka kueleza kosa lilikuwa la nani. Nitakwenda polepole, maana nimechoka, na mambo ya mwanga ukiyaeleza mbio mbio yanakupotea.

Kazi hii niliianzia kwenye studio ya Mhindi mmoja mjini Malindi, enzi za mikanda ya filamu. Sote tulimwita Mzee, ingawa nikipiga hesabu leo naona alikuwa mdogo kuliko nilivyo mimi sasa. Mkewe tulimwita Mama, na ndiye aliyekuwa akienda kupiga picha kwenye harusi za wanawake. Mgongo ukamkatalia, akasema hatoki tena, ndipo wakanigeukia mimi niliyekuwa nikifagia na kukata picha za pasipoti. Sikuomba. Waliona mikono yangu haitetemeki na kwamba ni mwanamke, wakaona yatosha.

Mzee alikuwa na tabia moja iliyoniudhi sana na kunifaa sana. Hakukubali ushike chombo usichojua kinafanyaje kazi. Siku aliyonipa kamera yenye flashi kichwani, alifungua kwanza mlango wake wa nyuma, bila mkanda ndani, akaniinamisha nichungulie. Pale chini, tumboni mwa kamera, palikuwa na kijicho kidogo kama punje ya mtama, kimeelekezwa nyuma, mahali mkanda unapokaa.

"Hiki ndicho kinachopima," alisema. "Si wewe, si mimi. Pazia la ndani ya kamera likifunguka, flashi inawaka. Mwanga unakwenda kwa biarusi, unarudi, unapita kwenye lenzi, unaangukia mkanda. Sasa mkanda hauumezi wote. Mwingine unadunda, na kijicho hiki kinauona. Kikiona umetosha kinaiambia flashi, basi."

"Kwa muda ule ule mdogo?" nilimwuliza.

"Ule ule. Picha inapigwa na inapimwa kwa wakati mmoja."

Niliitikia kwa kichwa, na akajua sijaelewa. Mama alikuwa kaunta akitumiminia chai ya saa nne. Mzee akamwonyesha kwa kidole. "Mwangalie. Hahesabu sekunde. Anaangalia kikombe tu, kikijaa anainua birika."

Hapo nikafahamu. Biarusi akikaa mbali, mwanga unaorudi ni kidogo, kikombe kinajaa polepole, flashi inaendelea kuwaka. Akiwa karibu, kinajaa upesi na flashi inakatwa upesi. Muda wote huo ni mfupi kuliko unavyoweza kuufikiria, lakini ndani yake mna mfupi na mrefu. Na kwa kuwa kijicho kinatazama kile kile kilichopita kwenye lenzi, hata ukibana tundu la lenzi au ukiivalisha kioo cha rangi, huna haja ya kukiambia. Kinaona kile unachokiona mkanda. Miaka ya nyuma yake, Mzee aliniambia, walikuwa wakipima kwa hatua za miguu kutoka kwa mtu hadi kwenye kamera, wakigawanya nguvu ya flashi kwa hatua hizo, hesabu ya kichwani, na nusu ya harusi walizipoteza.

Lakini kijicho hicho kilikuwa na ujinga wake. Hakijui kinatazama nini. Kinaamini kwamba dunia nzima ina rangi ya jivu, basi, na kila kitu kinakipimia kwa jivu hilo. Harusi yangu ya kwanza niliwapanga mashangazi saba wa Mambrui kwenye benchi, wako njiani kutoka, wameshavaa mabuibui yao. Weusi hauurudishi mwanga. Kijicho kikaona kikombe hakijai, flashi ikamimina na kumimina, na picha zilipotoka nyuso za watu wazima zilikuwa nyeupe kama waliopakwa unga. Shangazi mmoja alikuja dukani akaniuliza kwa utaratibu kabisa kwa nini nimewageuza majini. Harusi iliyofuata nikafanya kinyume chake. Biarusi siku ya kupamba, dhahabu utosini, dhahabu kifuani, nyuma yake vioo na vitambaa vya kumetameta. Mwanga ukarudi wote kwa kishindo, kijicho kikasema basi mapema mno, na msichana wa watu akatoka mweusi tii katikati ya dhahabu zake.

"Buibui, punguza. Dhahabu, ongeza," alinifundisha Mzee, akinionyesha kigurudumu kidogo pembeni. Hayo maneno manne yamenilisha mimi na wanangu.

Kuna jambo moja sikuliona miaka ile kwa sababu halikuwapo. Watu kufumba macho. Walikuwapo wa bahati mbaya, mmoja mmoja, kama ilivyo mahali popote. Lakini sikuwahi kumpata mtu mmoja akafumba picha zote.

Kisha dijitali ikaja. Mashine ya kusafishia picha ikakosa kazi, ikakosa vipuri, ikabaki kuwa meza ya kuwekea maboksi. Mzee na Mama wakahamia Mombasa kwa watoto wao. Mimi nikajinunulia kamera ya dijitali iliyokwisha tumika, na flashi yake, nikaanza kwenda peke yangu. Na mwezi wa kwanza tu nikaanza kuyaona macho. Unampiga mama mmoja mara kumi, mara kumi amefumba. Jirani yake kwenye kiti cha pili, mara kumi yuko wazi. Nikadhani ni usingizi, nikadhani ni wanja, nikadhani ni watu wa siku hizi. Nikajifundisha ule msemo wangu na kuutumia.

Nilipokwenda Mombasa kumjulia hali Mzee, nilimpelekea suala hilo pamoja na maandazi. Alikuwa ameshakonda. Akaichukua kamera yangu, akaifungua lenzi, akanionyesha kibao kinachopokea picha, kinameta kijani na zambarau kama mgongo wa samaki.

"Huu si mkanda," alisema. "Mkanda ulikuwa na uso wa maziwa, mwanga unadunda kwa adabu. Hiki kina kioo juu yake, mwanga unadunda hovyo, huwezi kuuamini. Kwa hiyo waliotengeneza wakakiacha kile kijicho cha tumboni. Sasa flashi inawaka mara mbili."

"Mimi naona mara moja."

"Kwa sababu zimefuatana. Mmweko wa kwanza ni mdogo, pazia bado limefungwa. Unakwenda, unarudi, unapita kwenye lenzi kama zamani, lakini unapimwa huku juu, karibu na unapotia jicho lako. Kamera inapiga hesabu. Halafu ndipo pazia linafunguka, na flashi inawaka mara ya pili kwa kipimo kile. Huo wa pili ndio picha. Zamani tulimimina tukiangalia kikombe. Sasa tunakipima kikombe kwanza, halafu tunamimina bila kuangalia."

"Na macho?"

"Watu wengi kope zao ni nzito, hawana habari. Wengine kope zao zina mbio. Mmweko wa kwanza unawashtua, wa pili unawakuta wamefumba. Si kosa lao. Kamera ndiyo inayowafumbisha, halafu inawapiga picha."

Akanionyesha na dawa. Nyuma ya kamera kuna kitufe kidogo, kidole gumba kinakifikia bila kutafuta. Ukikibonyeza, mmweko wa kwanza unatoka peke yake, na kamera inakiweka kipimo. Unasubiri mtu apepese, atulie, pumzi moja mbili. Halafu ndio unapiga, na unatoka mmweko mmoja tu, ule wa picha. Kope hazipati habari hadi mambo yamekwisha.

Kwa hiyo nilijua, na nataka jambo hilo liwe wazi. Kitufe hicho nilikitumia miezi kadhaa, kisha nikakiacha, kwa sababu kina usumbufu. Mtu akiona mmweko wa kwanza anadhani imekwisha, anainuka. Inabidi umweleze, umrudishe, usubiri. Kwenye ukumbi wa wanawake mia mbili, watoto wanalia, biarusi anatoka jasho chini ya rangi, mshereheshaji anakuharakisha, nani atasubiri pumzi mbili kwa kila picha? Kusema "umefumba macho" ni rahisi zaidi. Mtu anacheka, anaona haya, anakaza macho, na pengine unampata. Mimi nabaki fundi, yeye ndiye mwenye dosari.

Mwaka jana nilipata kazi kwenye familia moja ya watu wa visiwa vya kaskazini, waliohamia Malindi zamani na kukaa mitaa ya mjini kwa vizazi vitatu. Wiki moja kabla ya harusi biarusi mwenyewe alinijia nyumbani. Msichana mpole, mikono imeshaanza kupakwa hina. Alikaa kwenye ukingo wa kiti changu akaniambia, "Anti, nina ombi moja. Picha zangu zote zikiharibika sitakuuliza. Nataka moja tu ya Bibi."

Bibi huyo alikuwa mama wa mama yake. Mama huyo alifariki siku ile ile aliyomzaa, na Bibi ndiye aliyemlea toka kitambaani. Biarusi alikuwa anaolewa na kijana anayefanya kazi Maskati, na fungate ikimalizika, zile siku saba ambazo maharusi wanakaa ndani wakilishwa na kutunzwa, angeondoka naye. Na Bibi huyo maishani mwake hakuwahi kukubali kupigwa picha, isipokuwa ya kitambulisho, na hiyo aliilalamikia. Simu hakuzitaka kabisa. Alisema picha ya simu haina mlango, mtu wa mtaa wa pili ameshakuona hujafunga mtandio. Sasa amekubali mara moja, kwa masharti. Iwe kwenye kupamba, wanawake tu, kamera moja tu. Nitoe picha moja ya karatasi, nyingine nizifute.

"Nataka awe ameangalia kwenye kamera," biarusi akasema. "Nikiwa huko nikimtazama, naye ananitazama. Sijui kama nikirudi nitamkuta."

"Usijali," nilimwambia. Nilikuwa na harusi tatu wiki ile na nililisema neno hilo nikiwa nakunja nguo.

Siku ya kupamba walianza baada ya alasiri. Mlangoni paliwekwa kapu kubwa la ukili, kila anayeingia anatia simu yake, na binti mmoja mkali wa familia amelikalia kama karani wa mahakama. Ndani mabuibui yakavuliwa, ukumbi ukajaa rangi na udi. Biarusi akapandishwa jukwaani na kukalishwa, macho ameyainamisha kama inavyotakiwa, maana siku hiyo yeye ni wa kutazamwa na hatakiwi kutazama watu. Katika wote waliokuwa ukumbini, yeye peke yake alikuwa na ruhusa ya kufumba.

Bibi wakamleta wawili wamemshika mikono. Alikuwa mfupi, mkavu, mtandio mweupe, asumini shingoni, wanja umekolea machoni. Akakaa pembeni ya mjukuu wake na kuiweka mikono mapajani.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Niambia nitende nini."

"Nitazame mimi tu, hapa kwenye kioo."

Nikaongeza kigurudumu kwa ajili ya dhahabu, nikapiga. Nikaangalia nyuma ya kamera. Uso umetoka barabara, macho yamefumbwa. Nikapiga ya pili, hali ni ile ile. Ya tatu nikaikuza kidogo, nikaona kope zimeteremka zote, wanja umenyooka kama mstari wa rula. Nikajua papo hapo ni mtu wa aina gani. Ni wale wenye kope za mbio.

"Bibi, umefumba macho. Turudie."

Waliokuwa mbele wakasikia wakacheka. Mmoja akasema, "Bibi, fungua macho uonekane Maskati," na wengine wakaidaka, ikawa wimbo, fungua macho Bibi, fungua macho, na vigelegele juu yake. Walimpenda, hawakuwa na ubaya. Bibi akacheka pamoja nao, akaifunika midomo kwa ncha ya mtandio, akaniinamia ili wengine wasisikie.

"Nisamehe mwanangu. Mato yangu maovu, nakuharibia kazi." Mato, ndivyo watu wa kwao wanavyoyaita macho.

"Si kitu, Bibi," nilimjibu. "Ni macho yako tu."

Nimeshika kalamu kwa ajili ya sentensi hiyo. Kidole gumba changu kilikuwa kando ya kitufe, umbali wa ukucha. Sikukibonyeza. Miguu ilikuwa imevimba ndani ya viatu, nyuma yangu ulikuwepo mstari wa wanawake na watoto wao waliopambwa, na nilijua nikianza kumweleza bibi wa watu habari za mmweko wa kwanza na wa pili katika kelele ile, nusu saa itakwisha. Nikafikiri nikipiga nyingi, moja itabahatika. Nikapiga hadi zikafika kumi na moja. Kila moja ilipowaka alikaza uso, akanitazama baadaye kwa macho ya kuuliza, na mimi nikawa nasema vizuri, vizuri, ili ashuke.

Asubuhi yake nilizifungua kwenye kompyuta, chai ikiwa mkononi. Kumi na moja, zote. Mwanga ulikuwa umepimwa bila kosa, unaweza kuhesabu nyuzi za mtandio na maua ya asumini. Na katikati ya usahihi wote huo yupo bibi kizee amelala, uso umetulia, kama mtu aliyekwisha oshwa na kutiwa kafuri. Nilizifunga haraka. Niliona aibu, na kwa kuwa sipendi kuona aibu, nikapata hasira, nikawakasirikia waliokuwa wakiimba, nikamkasirikia mshereheshaji, na mwishoni nikamkasirikia Bibi.

Siku ya tatu ya fungate biarusi alinipigia.

"Anti, ya Bibi imetoka?"

"Zote amefumba macho," nilisema.

Neno lenyewe lilikuwa kweli na lilikuwa uongo, na nililiacha hivyo hivyo.

"Basi itabidi uje tena kabla hatujaondoka," akasema. "Yeye mwenyewe alijua. Toka siku ile hana raha, anasema ameniharibia. Sasa anajifunza."

"Anajifunza nini?"

"Kutofumba. Kila baada ya adhuhuri anakuja chumbani kwangu, anakaa mbele ya kioo cha kabati, ananiambia nimmulike usoni kwa tochi ya simu, ghafla, asijue lini. Yeye anajikaza. Mwanzo alikuwa hawezi hata kidogo. Jana amefika mara tano bila kupepesa." Akacheka, kicheko cha mtu anayempenda mtu. "Yeye na simu, fikiria. Machozi yanamtoka lakini hataki tuache."

Nilimwambia nitakuja siku ya sita. Nilipokata simu nilikaa kitako jikoni na sikuweza kufanya kazi yoyote hadi magharibi.

Siku ya sita nilikwenda kwa miguu kutoka sokoni, nikijisemesha njiani. Niliyapanga maneno. Nilikuwa nimeamua kwamba kabla ya kutoa kamera kwenye mkoba nitasema. Chumba cha biarusi kilikuwa ndani, na dirisha lake moja la nondo lilitazama ukuta wa jirani, kwa hiyo hata mchana palikuwa na kiza cha uvuguvugu. Uani pana mwanga wa kutosha, lakini biarusi wa fungate hatoki uani, na Bibi hakutaka kupigwa popote ila karibu naye. Walikuwa wamekaa kitandani wote wawili. Bibi amevaa mtandio ule ule wa harusi, umepigwa pasi upya. Wanja umepakwa upya pia, lakini chini ya wanja macho yalikuwa mekundu, na kingo zake zimevimba.

Nikamwamkia Bibi, nikakaa chini kwenye mkeka, karibu na miguu yake.

"Bibi, nataka kukwambia jambo. Siku ile si macho yako. Ni mashine yangu. Hii taa inawaka mara mbili. Ya kwanza inapima, ya pili inapiga. Ya kwanza ndiyo inayokufumbisha. Kipo kitufe cha kuizuia isikushtue, na mimi nilikijua, na sikukibonyeza kwa uvivu wangu. Wewe huna kosa lolote."

Alinisikiliza mpaka mwisho, kichwa amekiinamisha upande mmoja. Kisha akanipiga bega polepole kwa kiganja, kama mtu anayemnyamazisha mtoto.

"Una adabu, mwanangu. Mamako amekufunda. Lakini usijitukane kwa ajili yangu. Wote walinicheka, na wao waliona."

"Bibi, wallahi nakwambia kweli."

"Usiape. Mimi nimejifunda sasa. Piga, utaona."

Biarusi alinitazama juu ya kichwa cha bibi yake, na nadhani yeye pia alifikiri ninamfariji mzee. Ningesema nini zaidi? Maneno ya jukwaani niliyasema mbele ya watu mia mbili, haya nayasema chumbani mbele ya shahidi mmoja. Nikatoa kamera.

Nilimweleza kwamba mwanga utatoka mara moja, kisha asubiri, kisha utatoka wa pili. Nikabonyeza kitufe. Mmweko wa kwanza ukamwangukia usoni na Bibi hakupepesa. Macho yake yalikuwa wazi, wazi kabisa, yamekodolewa, na vidole vyake vimekamata shuka.

"Pepesa, Bibi. Sasa hivi unaweza kupepesa, pumzika."

"Piga, mwanangu, piga."

Nikapiga. Akapumua kwa nguvu kama mtu aliyetoka majini, na machozi yakateremka na wanja. Nikamfuta kwa ncha ya mtandio wangu. Tukarudia. Nikazima flashi, nikamsogeza dirishani, nikajaribu bila taa yoyote, nikimsemesha habari za visiwani kwao, mikate ya mofa, nikimbembeleza acheke. Alicheka. Lakini kila nilipoinua kamera, kabla kidole hakijafika, macho yalikodoka yenyewe na uso ukasimama. Alikuwa amejifunza vizuri mno. Nilipiga nyingi kuliko nitakavyosema, na nilichokuwa natafuta, uso wa mwanamke anayemtazama mtoto aliyemlea, kilikuwepo chumbani muda wote ila ndani ya kamera.

Biarusi aliziangalia nyuma ya kamera na kukumbatia mabega ya bibi yake. "Bibi umefungua macho. Alhamdulillahi, umenitazama." Bibi akauliza mara mbili kama ni kweli, akaonyeshwa, akaitikia kwa kichwa, na raha iliyomjia usoni wakati ule ningeipiga picha kama ningekuwa na haki ya kuinua tena kile chombo.

Nilitoa moja kwenye karatasi kama tulivyoahidiana, ile ambayo machozi hayaonekani sana. Nikaipeleka siku ya saba, na mbele ya Bibi nikazifuta nyingine zote, pamoja na zile kumi na moja, nikimwonyesha moja moja zinavyopotea. Alinishika mkono mlangoni.

"Ahsante kwa kunivumilia," akaniambia.

Biarusi akaondoka na mumewe. Mimi nikaendelea na kazi, maana harusi hazingoji mtu apate nafuu. Sasa kitufe nakibonyeza kwa kila mtu. Wanaosubiri wanalalamika kuwa nimekuwa mzito, na ni kweli nimekuwa mzito.

Miezi miwili baadaye ujumbe ukaingia kutoka Maskati. Aliniamkia, akaniuliza hali ya goti, akasema baridi ya mashine za hewa inamwumiza kichwa. Kisha akaandika kwamba picha ameiweka karibu na kitanda, na Bibi anamtazama kila siku kama alivyotaka. "Lakini Anti, nikikaa naye sana naona kama ana hofu. Nimejiuliza wiki nzima, Bibi alikuwa akiogopa nini siku ile?"

Nilimjibu kwamba alikuwa akiniogopa mimi.